Mchoraji Aanze na Kibuyu

Wako watu wanaodhani kwamba kuchora kibuyu na viazi vitatu juu ya meza ni mchezo wa watoto. Mgeni apitaye Nakuru kutazama heroe ziwani hununua picha ya ndovu, au ya Mmaasai na mkuki wake. Nani atauliza habari za sufuria? Basi kijana anayejifunza rangi za mafuta naye huanza na ndovu, tena wa kunakili kutoka kadi ya posta. Sisi twaona hapo ndipo anapopotea.

Ndovu wa kadi amekwisha kutazamwa na mtu mwingine. Kibuyu kingali chako. Chukua sotet, kile kibuyu cha maziwa cha Wakalenjin, ukiweke karibu na dirisha. Kwa haraka utasema ni cheusi. Kikazie macho nusu saa: ubavu mmoja ni kahawia, shingoni mna wekundu, na pale mwanga unapogusa pana buluu kidogo. Anayekimbilia rangi nyeusi atachora shimo, si kibuyu.

Rangi hizi nazo zina adabu yake. Hazikauki kama maji. Mafuta ya kitani hushikana na hewa polepole hadi yakawa magumu. Kwa hiyo mkono wa kwanza huwa mwepesi, uliozimuliwa kwa tapentaini, na mikono ya juu ndiyo iongezwe mafuta. Ukigeuza utaratibu huo picha itapasuka. Kazi ni ya siku nyingi, na waridi la Naivasha halitakungoja. Viazi vya Molo vitakungoja.

Vitabu vingi vya ufundi huu viliandikwa Ulaya, navyo humwambia mwanafunzi aketi penye dirisha la kaskazini, ambako jua haliingii. Nakuru iko karibu mno na ikweta. Tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua letu la adhuhuri liko kaskazini, na kivuli alichokichora mwanafunzi asubuhi huwa kimekwisha kuhama. Afadhali ahamie dirisha la kusini miezi hiyo, au achore saa ile ile kila siku.

Hoja kwamba ufundi huu ni wa kigeni si mpya. Huko Makerere, Bi. Margaret Trowell aliwasimulia wanafunzi wake jambo, nao wakalichora kutoka mawazoni; Cecil Todd, aliyeshika nafasi yake mwaka 1958, alitilia mkazo zaidi mafunzo ya Ulaya. Kila njia ina matunda yake. Lakini mawazo yasiyolishwa na macho hukonda upesi.

Mwaka 2021 Nakuru ilipewa hadhi ya jiji, na mwaka huo huo UNESCO ikaiingiza katika orodha ya miji ya ubunifu, kwa kazi za mikono na sanaa za jadi. Heshima hiyo ni njema. Kijana wa mtaani, hata hivyo, hawezi kununua rangi zitokazo ng'ambo kwa heshima. Wakuu wa jiji na wa shule wangeanza na chumba kimoja chenye madirisha pande mbili, meza, mbao laini za kuchorea badala ya turubai, na rangi tano tu: nyeupe, manjano, nyekundu, buluu na kahawia. Vibuyu watoto wataleta wenyewe kutoka kwao.