Mkataba Mnono Haulei Mtoto

Mwezi uliopita nilikuwa nachambua mchele jikoni, mwanangu wa kidato cha tatu akaja kuniegemea mlangoni. Anapenda sana mpira wa kikapu, na yeye akianza na neno "mama" kwa sauti ya upole najua kuna jambo.

"Mama, unajua kuna kijana wa Marekani aliacha chuo kikuu, akaenda Ulaya kucheza, akalipwa zaidi ya dola milioni moja? Alikuwa na miaka 18 tu!"

Nilimjibu papo hapo, "Na mama yake alikuwa wapi?"

Hakujua. Nami nikakata shauri kutafuta habari zake, maana swali langu lilikuwa limeshamhukumu mama wa watu kabla sijamsikia. Yale niliyoyapata yamenifunza, na mwezi huu napenda niwashirikishe.

Kijana huyo anaitwa Brandon Jennings, mzaliwa wa Compton, California. Alifiwa na baba yake akiwa na miaka 8, akalelewa na mama yake, Alice Knox. Mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa vijana hodari kabisa wa shule za sekondari nchini mwao, na alikuwa amekwisha kuahidi kwenda Chuo Kikuu cha Arizona.

Hapo yafaa tuelewe utaratibu wa kwao. Zamani kijana aliweza kutoka shuleni moja kwa moja hadi ligi kuu ya Marekani, NBA, kama alivyofanya LeBron James mwaka 2003. Lakini mwaka 2005 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba Mmarekani asichaguliwe kabla ya mwaka atakaotimiza miaka 19, na uwe umepita walau msimu mmoja tangu darasa lake lihitimu sekondari. Kwa hiyo wengi walikwenda chuo kikuu kwa mwaka mmoja wa kungojea. Huko walipewa ada, malazi na chakula, lakini mshahara ulikatazwa, ingawa chuo chenyewe kilivuna fedha nyingi kwa viingilio na televisheni. Si ajabu baadhi ya familia zilijiuliza: kwa nini mtoto wetu awatajirishe wengine, na sisi nyumbani tunahesabu senti?

Jennings alikuwa bado anasubiri matokeo ya mtihani wa kuingia chuo alipoamua kwenda Italia, kwenye klabu ya Roma. Na mama yake je? Mama alifunga mizigo. Alihamia Roma pamoja na mwanawe huyo na mdogo wake. Basi swali langu la jikoni likapata jibu, nami nikaona haya.

Msidhani mambo yalikuwa mteremko. Klabu za Ulaya hulea wachezaji wao tangu utotoni. Ricky Rubio wa Hispania alicheza ligi kuu ya nchi yake akiwa na miaka 14. Kijana wa Kimarekani aliyezoea kuwa nyota wa shule hufika na kukuta watu wazima wenye wake na watoto, ambao mpira ndio unga wa nyumbani mwao. Hawamwachii nafasi kwa sababu ni mgeni. Jennings alikaa benchi mara nyingi, na katika ligi ya Italia alipata wastani wa pointi 5.5 tu kwa mchezo. Mwenyewe alilalamika kwamba mshahara haukuwa ukija kwa wakati. Lakini kila jioni alirudi kwenye nyumba yenye mama na mdogo wake. Mwaka 2009 alichaguliwa wa 10 na timu ya Milwaukee, na tarehe 14 Novemba mwaka huohuo alifunga pointi 55 katika mchezo mmoja. Dunia nzima ya kikapu ilishangaa.

Sasa sikilizeni habari ya pili. Mwaka 2009 kijana mwingine, Jeremy Tyler wa San Diego, aliacha sekondari ikiwa imebaki mwaka mmoja amalize. Alikwenda kucheza Haifa, Israeli, nchi ambayo klabu zake hushiriki mashindano ya Ulaya. Alikuwa na miaka 18, mrefu na mwenye nguvu, na waliomwona walimtabiria makuu. Magazeti ya kwao yakaanza kuandika juu ya upweke wake na kutoelewana na kocha. Mwezi Machi 2010, baada ya michezo 10 tu, akafunga safari ya kurudi kwao. Hakupotea, alicheza Japani, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 39, akaingia NBA. Lakini alikuwa ametabiriwa kuchaguliwa mapema zaidi, na njia ilimchubua.

Simhukumu, wala sisemi kwamba mama akiwepo kila kitu hunyooka. Nasema ninachokijua kwa kazi yangu ya uuguzi. Mwili wa kijana wa miaka 18 waweza kuwa mwili wa mwanaume, lakini sehemu ya ubongo inayopima hatari na kutuliza hasira huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Nami nakumbuka nilivyokwenda chuo cha uuguzi nikiwa na umri huo, mbali na nyumbani. Wiki tatu za mwanzo nililia usiku shuka mdomoni, wenzangu wasisikie. Na mimi nilikuwa nchini mwangu, naelewa lugha ya watu! Upweke wa kijana hauji na kilio kila mara. Huja kwa kukosa usingizi, kuacha kula, kugombana ovyo, na kujibu simu kwa neno moja, "Poa." Anayemjua tangu utotoni ndiye hugundua.

Tena mwili unaoleta fedha huvunjika. Januari 2015 Jennings huyohuyo alikatika kano nene ya kisigino, jeraha ambalo kupona kwake huchukua miezi tisa hata mwaka. Hakurudi tena kwenye kiwango chake cha zamani. Alikuwa na miaka 25.

Je, basi niseme ni uroho wa fedha? La hasha! Mfikirieni Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, Kongo. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, na mama yake, Therese, aliwatoa watoto wake watatu kwenye vita akawalea Texas. Mwaka 2014 Mudiay aliacha nafasi ya chuo, akaenda China kwa mkataba wa dola milioni 1.2. Alieleza hadharani kwamba alikuwa amechoka kumwona mama yake akihangaika. Mama gani asiyeguswa? Huko aliumia kifundo cha mguu, akacheza michezo michache, lakini mwaka 2015 alichaguliwa wa 7. Naye hakwenda peke yake. Kaka yake alikuwa pamoja naye.

Siku hizi upepo umegeuka. Tangu Julai 2021 wanafunzi wa Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Sasa vijana wa Ulaya ndio wanaohamia vyuo vya Marekani: mwaka 2024 Egor Demin alitoka Real Madrid, na Kasparas Jakucionis alitoka Barcelona. Ndege zimebadili mwelekeo, lakini mtoto ni yuleyule na mama ni yuleyule.

Kwa hiyo, mama, mtoto wako akiletewa mkataba wowote wa mbali, uliza haya kabla kalamu haijagusa karatasi:

1. Ataishi na nani, na nani atamwona kila siku?
2. Akiumia, nani atalipa matibabu, na mshahara utaendelea?
3. Mshahara ukichelewa, atakula nini na atamlalamikia nani?
4. Masomo yake yatamalizika lini na wapi?
5. Fedha zitatunzwa na nani, na wakala anachukua kiasi gani?
6. Akitaka kurudi, nauli ipo? Na mlango wa nyumbani uko wazi bila masimango?

La sita ni kubwa kuliko yote.

Nilimsomea mwanangu maswali hayo. Akanyamaza, kisha akacheka: "Mama, mimi hata timu ya shule sijachaguliwa."

"Najua," nikamwambia. "Lakini siku ukichaguliwa, mimi nimeshaanza kufunga mizigo."