Mtoto akizimia akikimbia, mpimeni moyo

Msomaji wangu, leo nina jambo linalonikera. Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka tisa aliyemeza dawa za kifafa mwaka mzima. Alikuwa akianguka, lakini kila mara ni akiwa mbioni. Mama yake alilisema hilo kila alikokwenda, na hakuna aliyempima mtoto moyo.

Katika seli za moyo kuna vilango vya kalsiamu. Umeme wa moyo ukipita vinafunguka, kalsiamu inaingia, msuli unajikaza na kusukuma damu. Kisha vinapaswa kujifunga upesi. Kinachonistaajabisha hadi leo ni kwamba kalsiamu ikishaingia, yenyewe ndiyo inayosaidia kufunga mlango iliopitia. Mwaka 1978 watafiti walilieleza jambo hilo kwa paramesia, kijidudu cha seli moja kisicho hata na moyo!

Wataalamu wa hesabu huigiza vilango hivyo kwenye kompyuta. Ukichelewesha kufunga, pigo linarefuka na mpangilio wa moyo unaweza kuvurugika. Hayo hayaishii kwenye kompyuta. Mwaka 2004 ilielezwa kuwa ugonjwa wa Timothy, ambao mara nyingi mtoto huzaliwa nao akiwa na vidole vilivyoshikana, hutokana na vilango hivi kushindwa kujifunga inavyopasa. Ni nadra mno, mimi sijauona. Ila hitilafu za vilango vingine, hasa vya potasiamu, nazo hurefusha pigo, na mtoto anaweza kuzimia akikimbia, akiogelea au akishtuka.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akizimia hivyo, omba kipimo cha ECG, kile cha kubandikwa nyaya kifuani. Hakiumi, na kinaisha kwa dakika chache. Wenzangu wengine watanuna, waache wanune. Kama katika ukoo kuna kijana aliyekufa ghafla, au aliyezama ilhali alijua kuogelea, mwambie daktari hata asipouliza. Na pigo likishaonekana ni refu, taja hilo kila unapoandikiwa dawa, maana zipo zinazolirefusha zaidi, erithromaisini ikiwamo.

Sisemi kifafa hakipo. Kipo, na dawa zake haziachwi bila daktari. Lakini yule mtoto hakuwa nacho. ECG ilionyesha pigo refu, na sasa anameza propranololi kila siku. Mama yake ameniomba nimwandikie barua mwalimu wa michezo.