Milimita Tatu Zilizotunyang'anya Soketi

Wiki hii bisibisi yangu imefanya kazi kuliko kibodi. Nimefungua laptopu mbili ndogo, ThinkPad X270 ya mwaka 2017 na ThinkPad X280 ya mwaka 2018, nikazilaza mezani pamoja, matumbo nje. Sikuzifungua ili kuwaonyesha bodi za kijani na nyaya za rangi. Nilitaka kuuchunguza uongo mmoja ambao tumeumeza kwa miaka mingi: eti laptopu ikitaka kuwa nyembamba na nyepesi, lazima ramu ilehemiwe kwenye bodi, na wewe uliyeinunua kwa jasho lako ukae mbali na vilivyomo ndani.

Nimechagua hizi mbili kwa sababu ni za ukoo mmoja. Skrini ni ileile ya inchi 12.5, kampuni ni moja, na zimepishana mwaka mmoja tu. Isitoshe, ni aina ya mashine zinazotufikia hapa Nairobi kama "ex-UK", yaani mitumba ya ofisi za Ulaya, na ndizo vijana wengi wanaojifunza kuandika programu huanzia. Laptopu mpya ya bei ya gari mwachie mwenyewe.

Kabla ya kufungua, dokezo kwa wenye haraka. Mashine hizi zina betri ya ndani, kwa hiyo usishike bisibisi kabla ya kuingia kwenye BIOS na kuizima betri hiyo. Kuna kipengele cha kazi hiyo hasa, kwenye mipangilio ya umeme. Kisha chomoa chaja. Lenovo huchapisha bure kitabu cha matengenezo chenye michoro ya kila skrubu, na kwa hilo wanastahili shukrani. Kampuni nyingi hukuficha hata jina la skrubu yenyewe.

Haya, X270. Legeza skrubu, pitisha kadi kuukuu ya ATM ukingoni, vishikizo vinaachia kimoja kimoja, kifuniko kinatoka. Kila kitu kinajieleza. Hapa feni na bomba la shaba linalobeba joto kutoka kwenye prosesa. Pale diski katika chumba chake. Hapa betri ndogo ya mbele, na nyuma kuna betri ya pili ambayo huitoi kwa bisibisi wala nini, unaivuta tu kwa vidole. Ukiwa na betri ya akiba unaibadilisha huku mashine inaendelea kufanya kazi, maana ile ya ndani inashikilia umeme. Mtu aliyewahi kupotewa na stima katikati ya kazi ya mteja anajua thamani ya jambo hili.

Na pale kuna soketi ya ramu. Moja tu, lakini ipo. Unasukuma vibano viwili kando, kipande kinainuka, unachomeka kingine. Dakika mbili, pamoja na kupiga chafya kwa sababu ya vumbi la feni.

Sasa X280. Kifuniko kinatoka vilevile. Betri moja tu, yote ya ndani, ya Wh 48. Imefungwa kwa skrubu, si gundi, kwa hiyo fundi yeyote mwenye mkono mtulivu ataibadilisha. Diski ni kipande cha M.2, skrubu moja na imetoka. Hadi hapo sina ugomvi. Ramu je? Nafasi ya kuichomeka hakuna. Ni vipande vyeusi vilivyolehemiwa kwenye bodi kuu. Kama aliyeinunua mara ya kwanza, karani fulani Uingereza asiyekujua, aliagiza GB 8, basi hiyo itakuwa na GB 8 hadi siku itakapotupwa. Android Studio pamoja na emuleta yake inataka GB 16 ili mtu afanye kazi bila kulia. Kwenye X270 mwanafunzi ananunua kipande cha ramu, anakichomeka, anaendelea na maisha. Kwenye X280 anauza laptopu kwa hasara na kutafuta nyingine.

Tumelipwa nini kwa kupoteza soketi hiyo? X270 ina unene wa milimita 20.3. X280 ni 17 na kitu. Tofauti ni takriban milimita 3, na sehemu ya unene huo ilikuwa ya betri ya nyuma na tundu kamili la kebo ya mtandao, ambalo nalo liliondolewa. Sasa ukitaka kuchomeka kebo ya ofisini unahitaji kiunganishi cha pembeni, kitu kidogo cha kupotea.

Ninajua utetezi. Watu wa kiwandani husema ramu iliyolehemiwa ni ya aina ya LPDDR, inayokula umeme kidogo na kwenda kasi, na kwamba kwa kasi hiyo soketi ya kawaida huvuruga mawimbi. Hoja hiyo ina ukweli wa kifizikia, siibishii. Lakini ramu ya X280 si LPDDR! Ni DDR4 ya kawaida, ndugu wa ile inayochomekwa kwenye soketi ya X270. Ni kweli X280 inatumia njia mbili za kumbukumbu kwa pamoja na X270 njia moja tu, na prosesa yake ina kore nne badala ya mbili, hivyo inakimbia zaidi. Sawa. Lakini X220 ya mwaka 2011, skrini hiyohiyo ya inchi 12.5, ilikuwa na soketi mbili. X240 ya mwaka 2013 ikabaki na moja. X280 ikabaki na sufuri. Mbili, moja, sufuri. Mtu akiniambia mfululizo huo uliamuliwa na fizikia, namwomba anitajie kanuni ya fizikia iliyobadilika kati ya 2011 na 2018.

Ugonjwa huu haukuanzia kwa Lenovo. Januari 2008 Steve Jobs alitoa MacBook Air kutoka kwenye bahasha ya karatasi mbele ya umati, na watu wakapiga makofi. Ndani ya ile bahasha kulikuwa na GB 2 za ramu zilizolehemiwa, tundu moja la USB, na betri iliyofichwa chini ya kifuniko cha skrubu. Ilikuwa na uzito wa kilo 1.36, na sehemu yake nene kabisa ilifika milimita 19.4. Yalipigiwa makofi maumbile, na kampuni nyingine zikasikia makofi hayo. Miaka iliyofuata kila mmoja alitaka kuingia kwenye bahasha. Mwaka 2012 MacBook Pro ya skrini ya Retina ikaja na betri iliyogandishwa kwa gundi. Gundi! Betri ni kitu tunachojua tangu siku ya kwanza kwamba kitakufa kabla ya mashine, halafu mtu anakigandisha.

Sasa chukua Framework Laptop, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021. Kilo 1.3. Unene milimita 15.85. Yaani ni nyepesi kuliko ile Air ya bahasha na ni nyembamba kuliko sehemu nene ya Air hiyo. Ndani ina soketi mbili za ramu, diski ya M.2, betri ya kufungua kwa skrubu, na hata matundu ya pembeni unayabadilisha mwenyewe kwa mkono. Iliyoitengeneza ni kampuni changa, si jitu la viwanda. Kwa hiyo ile habari ya "haiwezekani" wakaisimulie kwingine.

Hata kisingizio cha LPDDR kimeanza kukatika miguu. Desemba 2023 shirika la viwango la JEDEC lilichapisha kiwango cha CAMM2, kipande bapa kinachokandamizwa kwenye bodi kwa skrubu badala ya kuchomekwa kwa pembe. Mwaka 2024 Lenovo haohao waliuza ThinkPad P1 Gen 7 yenye ramu ya LPDDR ya aina hiyo, LPCAMM2, ambayo unaitoa na kuibadilisha. Nasema haki itendeke: si kila mahali imewezekana. Hao Framework niliowasifu walitoa tarakilishi ya mezani mwaka 2025 yenye ramu iliyolehemiwa, kwa sababu prosesa waliyochagua ya AMD ilikataa njia nyingine, na walilalamikiwa. Lakini walieleza sababu hadharani. Kampuni ikinieleza nimepoteza nini na kwa nini, naweza kuamua. Kinachoniudhi ni kuuziwa hasara kama urembo.

Kuna kitu kingine kinachoumiza zaidi, na hiki kinatuhusu sisi waandika programu. Windows 10 iliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa kwa prosesa chache, kizazi cha nane au zaidi. X270 ina kizazi cha sita au cha saba. X280 ina cha nane kwa matoleo mengi. Umeona mtego? Mashine inayofunguka, yenye ramu ya kuongeza na betri ya kuvuta kwa vidole, imefungiwa mlango na programu. Ile programu inayoikaribisha imefungiwa ramu na kiwanda. Huku mkono, huku mguu, na wewe uko katikati na laini ya bando inaisha. X270 yangu inaendesha Linux na haina malalamiko yoyote, lakini si kila mwanafunzi ana mtu wa kumwekea Linux.

Umoja wa Ulaya umeanza kuamka. Kanuni yao ya betri ya mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa katika hali chache. Nzuri, na tutafaidi, maana takataka yao ya ofisi ni duka letu. Ila sheria hiyo ni ya betri. Haisemi neno kuhusu ramu. Laptopu zinazoagizwa leo na ofisi za London zikiwa na GB 8 zisizobadilika ndizo zitakazopangwa madirishani hapa mjini baada ya miaka minne au mitano, na hakuna anayekuuliza wewe wakati zinaagizwa.

Wapo mafundi mjini wenye mashine za hewa moto wanaoweza kung'oa vipande vya ramu na kulehemu vingine vikubwa. Nawavulia kofia. Lakini hiyo ni operesheni ya moyo. Mgonjwa huweza kutoka maiti, na wala usitegemee kudai pesa zako.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiulize "ina ramu ngapi?" peke yake. Uliza "ina soketi?" Muuzaji akibabaika, mwombe aiwashe. Kama ina Linux, au unayo kwenye flashi, fungua terminali uandike sudo dmidecode -t memory. Ukiona SODIMM kwenye umbo la kipande, kuna matumaini. Ukiona Row Of Chips, imelehemiwa. Ila kuna mashine ambazo BIOS yake hudanganya, huandika SODIMM mahali ambapo soketi haipo, kwa hiyo beba na bisibisi. Muuzaji akikataa kifuniko kifunguliwe, duka la jirani liko wazi hadi saa kumi na mbili jioni.