Kabla Hujafukia, Tazama



Kiangazi ni majira ya kuchoma matofali na kuchimba misingi. Hapo Mkuyuni, kama kwingineko Uluguru, jembe hugota ghafla: kigae cha chungu, au bonge la udongo ulioungua. Mwenye nyumba, akichelea ujira wa fundi kupotea bure, husema, "Fukia, tuendelee." Leo nakusihi usifanye haraka.

Mwaka 1954, jijini London, yalikuwa yakijengwa maofisi mahali palipobomolewa na mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Mtaalamu W. F. Grimes na wenzake wakakuta humo kuta za hekalu la mungu Mithras, lililojengwa na Warumi katika karne ya 3. Siku iliyokusudiwa kuwa ya mwisho ya uchimbaji, kikaibuka kichwa cha mungu huyo, cha marumaru. Watu walipanga foleni kwa maelfu, na ujenzi ukasubiri. Maofisi yalimalizika hata hivyo. Lakini mawe yaling'olewa, na mwaka 1962 yakapangwa upya mahali pengine, juu ya ardhi. Ilipofika mwaka 2017 ndipo hekalu liliporudishwa karibu na pale lilipokuwa, mita 7 chini ya barabara. Gharama yote hiyo ilikuwa ya kurudisha kitu mahali pake, kwa kuwa mahali ni nusu ya habari yake.

Mkuyuni hutakuta hekalu la Warumi. Nyumba ya miti na udongo ikianguka haiachi kuta. Huacha madoa meusi ya nguzo zilizooza, udongo mwekundu uliopigwa na moto, mafiga na vigae. Asiyejua huona takataka. Lakini Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na jiko hilo huenda ni la bibi aliyeuanzisha ukoo wako hapo.

Hivyo basi, ukigota kitu, simamisha jembe. Usikiondoe wala usikioshe. Wapigie simu viongozi wa kijiji, nao wamwarifu afisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, kigae kikiwa miongoni mwavyo.

Siku chache za kungoja hazitaizuia nyumba yako kusimama. Wanao watalala humo. Yafaa wajue ni nani aliyelala pale kabla yao.