Kunguru si Mtumishi wa Idara ya Usafi

Wapo watumishi wa umma, na baadhi yao ni watu wenye elimu ya kutosha, ambao mpaka leo wanamtetea kunguru wa Dar es Salaam. Hoja yao ni moja, nayo ni ya siku nyingi: eti ndege huyu anasafisha mji. Anakula mizoga, anakula matumbo ya samaki pale Feri, anapunguza uchafu ambao magari ya taka hayakuuzoa. Basi na aachwe. Hoja hii yafaa ichunguzwe ilikotoka.

Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani hii. Kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, Waingereza walipokwisha kuiweka nchi hiyo chini ya himaya yao, ili apunguze takataka za mji. Utawala ule uliona ni nafuu kuagiza ndege wasiodai mshahara kuliko kuajiri wazoa taka. Ndege akaongezeka, akaenea mpaka Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Kwao yupo ndege aitwaye koeli, ambaye hutaga mayai yake katika kiota cha kunguru na kumwachia ulezi wa makinda yasiyo yake. Huku hakumkuta mpinzani wa namna hiyo. Mkoloni alikwisha kufunga virago, lakini hoja yake imebaki midomoni mwa wasomi kama kasumba.

Na tazama nani analipa gharama ya usafi huo. Katika ua wa nyumba yoyote ya mjini yenye mti mmoja na maua machache, chozi hutundika kiota chake kama kifuko, amekifuma kwa nyasi na utando wa buibui, pengine hatua mbili tu kutoka barazani. Shore hutengeneza kikombe chake katika matawi ya mlimau. Mnana hufuma vyake kwenye makuti, kwa makelele mengi. Hawa ndio wanaokula wadudu wa bustani, wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua, wanaosambaza mbegu. Kunguru hutua ukingoni mwa bati akangoja. Mzazi akiondoka kutafuta chakula, kiota hupasuliwa. Mayai yakiwamo huliwa, makinda yakiwamo huliwa pia. Hata kunguru mwenyeji, yule mwenye ukosi mweupe, amesukumwa pembeni. Mama aliyepoteza vifaranga saba kati ya tisa hahitaji kufundishwa somo hili, na mtoto aliyepokonywa andazi uwanjani wakati wa mapumziko hali kadhalika. Mguu uliotoka kukanyaga jalala la Pugu au damu ya machinjio ndio huo huo unaotua kwenye karai la mama lishe. Huo ndio usafi unaotetewa!

Wengine huona kwamba dawa ni sumu peke yake. Sumu imekwisha kutumika. Unguja ilifanya kampeni katika miaka ya 1990 na kunguru wakapungua sana. Kazi ilipolegea wakarudi. Dar es Salaam ikafuata katika miaka ya 2010, na anga ya mji bado ni nyeusi. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni moja. Hakuna ubaya kuwaua, na wale wanaolia kwamba kila ndege ana haki ya kuishi wangelia kwanza kwa ajili ya chozi. Lakini kunguru huyu haishi porini. Haishi popote ila penye binadamu, na idadi yake ni kipimo cha mabaki tunayomwachia. Ukiua nusu na kuacha jalala lile lile wazi, waliobaki wamepata posho maradufu.

Halafu lipo kundi la tatu, ambalo ni hatari zaidi kwa kuwa lina panga mkononi. Hili hukata mwembe na mkungu wa nyumba ya Serikali kwa kisingizio kwamba mti ndio unaoleta kunguru. Kunguru hujenga hata juu ya nguzo ya simu, tena kwa vipande vya waya akikosa vijiti. Anayekosa makazi mti ukianguka ni shore.

Kazi inayotakiwa haingoji mfadhili wala semina. Kila ofisi ina mlango wa nyuma, na nyuma ya mlango huo lipo pipa. Swali ni kama lina kifuniko. Mkuu wa shule anaweza kuagiza makombo ya mchana yafukiwe kabla wanafunzi hawajarudi madarasani. Halmashauri inayotoza ada ya taka iondoe taka siku iliyoahidi, si siku gari litakapopata mafuta. Na viota vya kunguru viangushwe mayai yangali mayai, na watu wanaojua kuvitofautisha na vya ndege wengine: ni tita la vijiti lililo wazi, juu katika panda ya mti. Akijenga tena baada ya wiki mbili, kiangushwe tena, na mti uachwe umesimama.