BAKSHISHI SI MSHAHARA



Huenda wengine wenu mtashangaa kuona ukurasa wetu wa hapa Kigali unazungumzia bahari. Nchi yetu haina pwani. Lakini chai tunayochuma Mulindi na Gisovu huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, na katika pwani hiyo hiyo wapo wafanyakazi wenzetu ambao shida zao ni ndugu na shida zetu. Hao ni mabaharia wa boti ndogo zinazokodiwa na watalii kwenda kuvua samaki kwa burudani.

Biashara hii ni ya zamani. Mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ernest Hemingway, alivua katika pwani ya Kenya mwaka 1934. Siku hizi boti za namna hiyo ziko Malindi, Watamu, Mtwapa na Shimoni. Mgeni hulipa fedha nyingi kwa siku moja baharini, naye hurudi kwao na picha na hadithi.

Tuitazame siku hiyo kwa macho ya mfanyakazi. Mgeni anapofika saa kumi na mbili asubuhi, mabaharia wamekwisha kutia mafuta, kupakia barafu na kutengeneza chambo. Boti ikivuka mwamba na kuingia maji makuu, mishipi hukokotwa nyuma huku nahodha akiwatazama ndege, maana wanapotumbukia ndege wapo dagaa, na penye dagaa huja jodari. Akinasa sulisuli, yule samaki mwenye pezi kubwa mgongoni kama tanga, mgeni hukaa kitini na kushika fimbo. Nahodha hugeuza boti kumfuata samaki. Baharia hukusanya mishipi mingine haraka isije ikasokotana, kisha huinama ubavuni mwa boti na kuushika kwa mikono mshipi wenye samaki mzito, mwenye mdomo mkali kama mkuki. Mara nyingi samaki huyo hutiwa alama na kuachiliwa. Akiwa ni nguru wa kuliwa, kwa desturi ya boti nyingi ni mali ya mwenye boti. Jioni mgeni hupigwa picha, akaenda kupumzika. Mabaharia hubaki kuosha chumvi kwenye mashine na vifaa, maana kesho kuna mgeni mwingine.

Hatuna ugomvi na mgeni. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima anastahili kupumzika. Sisi wenyewe tunadai likizo yenye malipo. Tunachosema ni kwamba mapumziko ya mmoja ni kazi ya mwingine, na kazi lazima ilipwe.

Wenzetu wa pwani tuliozungumza nao walitueleza jinsi wanavyoishi. Malipo ya siku ni kidogo, na tegemeo ni bakshishi. Samaki wakila, mgeni hufurahi na kutoa. Wasipokula, mgeni hununa, na baharia hurudi nyumbani mikono mitupu ingawa ameungua jua kutwa nzima. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, kuanzia mwezi wa nne hivi, bahari huchafuka na boti nyingi hupandishwa pwani kwa miezi kadhaa. Boti hupumzika, lakini tumbo la baharia halipumziki.

Mchuma chai anaijua habari hii. Anayelipwa kwa kilo hupata kidogo jua linapokausha majani, ingawa ameamka alfajiri ile ile na kupanda mlima ule ule. Ikiwa hasara ya ukame na hasara ya bahari mbaya zote humwangukia mfanyakazi, na faida ya mvua na bahari tulivu humwendea tajiri, basi hapo hakuna ushirika wowote.

Tajiri hujibu kwamba bakshishi huwafaa mabaharia, na kwamba siku njema hupita mshahara. Pengine ni kweli kwa siku hiyo. Lakini bakshishi haimtibu aliyekatwa kidole na mshipi, wala haimlipi mzee pensheni. Tena anayeishi kwa bakshishi huogopa kusema kwamba maboya ya kujiokolea hayatoshi, asije akamuudhi mgeni au mwenye boti.

Lipo jambo jingine ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 188 wa mwaka 2007 kuhusu kazi ya uvuvi, nao ulianza kutumika mwaka 2017. Unataka mvuvi awe na mapatano ya kazi yaliyoandikwa, apate mapumziko, chakula na matibabu. Ni mkataba mzuri. Lakini katika maana ya uvuvi wa biashara, umeacha nje uvuvi wa kitoweo na uvuvi wa burudani. Sisi tunauliza: katika boti ile, nani anayeburudika? Mwenye boti anafanya biashara, na baharia anafanya kazi. Jina la burudani lisitumiwe kuwaficha wafanyakazi.

Hata hivyo sheria za nchi zipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa maandishi kazi ikifika miezi mitatu, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Kwetu Rwanda, sheria ya kazi ya mwaka 2018 inasema mkataba usioandikwa usizidi siku 90 mfululizo. Lakini sheria isiyodaiwa hulala kabatini.

Kwa hiyo, ndugu, kila mmoja wetu aandike siku anazofanya kazi, kiwandani, shambani au hotelini, aziweke daftarini. Siku 90 zikitimia, mwende pamoja na mjumbe wa chama kudai maandishi. Mtu mmoja akienda peke yake atafukuzwa. Wakienda ishirini watasikilizwa. Na wenzetu wa boti, ambao kila boti ina watu wawili au watatu tu, wajiunge boti zote za bandari moja katika chama kimoja. Haki haiji kwa kusubiri mgeni afurahi.