Anayekuhimiza uuze hisa anataka nini?

Mkulima aliyewahi kuuza mahindi shambani anamjua mlanguzi. Huja na magunia matupu na habari mbaya: bei imeanguka mjini, mahindi ya nje yamejaa sokoni. Akishapakia lori, habari hizo huzisikii tena.

Katika soko la hisa mambo ni yale yale. Wengi wetu tuliingia humo kwa hisa za KenGen mwaka 2006 na Safaricom mwaka 2008, na tangu hapo tunaishi kwa uvumi. Leo kampuni inafilisika, kesho kuna tajiri anayetaka kuinunua yote.

Chukua mfano wa Rea Vipingo, kampuni ya mkonge iliyokuwa na mashamba Kilifi, Kibwezi na Tanga. Novemba 2013 Rea Trading, iliyokuwa tayari na hisa nyingi zaidi, ilitaka kununua zilizobaki kwa Sh40 kila moja. Bei hiyo ilikuwa juu kuliko ya sokoni, na mwenye shida ya karo angeishukuru. Kisha Centum ikaja na Sh50. Zikashindana hadi Rea Trading ikafika Sh85. Mkonge ulikuwa ule ule. Kilichogombewa zaidi, kwa maoni yangu, ni ardhi. Baadaye Centum ilinunua zaidi ya ekari 10,000 huko Vipingo. Aliyeuza mapema kwa kuambiwa kwamba mkonge hauna soko alipata chini ya nusu.

Lakini uvumi mtamu nao huumiza. Julai 2024 Amsons ya Tanzania ilitaka kuinunua Bamburi kwa Sh65 kwa hisa. Savannah Clinker ikatoa Sh70, ikapandisha hadi Sh76.55, kisha Desemba ikajiondoa. Aliyenunua kwa Sh70 akingoja faida alibaki na Sh65 mkononi.

Kwa hiyo simshauri mtu angoje tu, wala auze tu. Sheria ya Kenya, tangu kanuni za mwaka 2002, inamtaka mnunuzi aweke bei yake kwa maandishi, nawe upelekewe maoni ya mshauri asiyefungamana na upande wowote. Karatasi hizo ni nene na zinachosha, najua. Anza na ukurasa wa mali: ardhi ni ekari ngapi, iko wapi, na ilithaminiwa mwaka gani.